Maswali ya Wasomaji: Mikanda ya Zamani, Waya na Diski Zinazogandaganda

Haya wapendwa, toleo lililopita niligusia mistari miwili tu habari ya kuhamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye kompyuta, kumbe ndo nimechokoza nyuki. Barua zimejaa mpaka mhariri kanipigia simu kuniuliza kulikoni. Nimechagua chache, na karibu zote zina ugonjwa mmoja, mtu ameshanunua kitu cha hela nyingi pale ambapo hapakuwa na shida, halafu penye shida yenyewe kaweka waya uliokuja bure na chaja ya simu. We weka tanki la lita elfu kumi juu ya nyumba, kama mpira umebanwa pale mlangoni utajaza ndoo moja mpaka magharibi.

Fundi shikamoo. Mi napiga video za harusi huku Tanga tangu enzi za MiniDV, mikanda ninayo kama sitini hivi kwenye boksi na watu wameanza kunitafuta wanataka harusi zao. Kamera bado inawaka vizuri. Laptopu yangu mpya haina lile tundu dogo la DV, nikachomeka waya wa USB wa kamera ileile zikatoka picha mgando tu, video hakuna. Nimeona adapta ya kutoka FireWire kwenda USB inauzwa rahisi kabisa, niagize? (Mpiga video, Tanga)

Marahaba mdogo wangu. Usiagize. Hiyo adapta ilishanila hela mimi mwenyewe, nilinunua duka moja mjini ambalo silitaji, nkarudi nyumbani nachomeka nachomoa mpaka saa sita usiku kompyuta haioni kitu. Ile ni plagi imeungwa na plagi basi, ndani hamna chochote cha kutafsiri, na FireWire na USB haziongei lugha moja. Ni kama kuwashikisha mikono watu wawili wasioelewana halafu ukategemea wapatane bei.

Na ule waya wa USB wa kamera, kwenye kamera nyingi za MiniDV kazi yake ilikuwa kutoa picha zilizoko kwenye kikadi, au video dhaifu ya kuchatia. Mzigo wenyewe wa kwenye mkanda unapita kwenye tundu la DV, wengine wameliandika i.LINK, wengine IEEE 1394, yote ni FireWire ileile.

Unachotakiwa kufanya: tafuta kompyuta ya mezani, yoyote tu hata ile ya miaka kumi iliyopita iliyolala ofisini kwa mtu, ununue kadi ya FireWire ya kuchomeka ndani kwenye PCI Express (tundu la kadi lililoko ndani ya kompyuta). Angalia chipu iwe Texas Instruments au VIA, hizo ndo watu wengi wamefanya nazo kazi bila kelele. Kwenye Windows 10 huenda ukatakiwa kuweka na kuchagua drayva (programu inayoendesha kadi) ile ya zamani iliyoandikwa Legacy, bila hivo kamera inaonekana halafu inapotea. Kama una mtu mwenye Mac ya zamani yenye tundu la FireWire nayo ni dawa tosha, ila mwambie asiisasishe hovyo, kwa sababu Apple kwenye macOS 26 ya mwaka 2025 wameiondoa FireWire kabisa. Mac za katikati hapo ambazo zina Thunderbolt tu zinafanya kazi kwa adapta mbili za Apple zilizofuatana, Thunderbolt 3 kwenda 2, halafu Thunderbolt 2 kwenda FireWire, mkia mrefu kama wa tiara lakini unafanya kazi.

Sasa hapa kuna kitu watu hawakijui. MiniDV ni dijitali tayari, kwahiyo unapotoa kwa FireWire hukamati picha upya, unakopi namba zilezile zilizoko kwenye mkanda. Hakuna kapcha kadi (kifaa cha kunasia video kwenye kompyuta) ya bei mbaya itakayokupa picha nzuri zaidi ya hiyo, hata uambiwe nini. Ukitoa kwa zile nyaya za njano nyekundu nyeupe unaigeuza kuwa analogi halafu unairudisha tena dijitali, yani umepika wali ukauanika ukaupika tena.

Mkanda mmoja wa saa 1 unakula kama GB 13, mara sitini ni GB 780 hivi. Spidi yake ni kama MB 3.6 kwa sekunde, hata hadidiski ya kizee inameza hiyo huku inasinzia, kwahiyo usinunue SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kwa kazi hii. Hela hiyo nunua hadidiski mbili za TB 2, moja ikae kwako nyingine ikae kwa shemeji, kwa sababu mikanda ikishaharibika hutapata nyingine. Programu ndogo kama WinDV inatosha sana. Kabla ya kucheza peleka mkanda mbele mpaka mwisho urudishe mwanzo, safisha vichwa, tumia adapta ya umeme na sio betri, na waya wa FireWire uchomeke kamera ikiwa imezimwa, tundu zile zinaungua kirahisi na ukiunguza hiyo ndo basi tena. Na jipange, mkanda wa saa 1 unachukua saa 1 kutoka, hakuna njia ya mkato.

Assalam alaykum. Mie nipo Muscat, ninayo kanda ya VHS ya harusi ya mamangu Unguja mwaka 1991. Nimenunua kile kijiti cha USB chenye nyaya tatu za rangi. Picha inaruka juu, inapinda kama nyoka, na sauti mwisho wa kanda inaachana na midomo. Kijiti kibovu au kanda mbovu? (Binti wa Kizanzibari, Muscat)

Waalaykum salaam dada. Huenda vyote ni vizima, vimekutanishwa vibaya tu. VHS ni analogi, kila mstari wa picha unatoka kwenye deki ukiwa umechelewa au umewahi kidogo, sababu mkanda unavutika na mota ya deki haizunguki sawasawa. Televisheni ya zamani, zile za mgongo mkubwa, ilikuwa inavumilia. Kijiti cha kompyuta hakina uvumilivu huo, kikipoteza hesabu kinatupa fremu nzima, huku sauti inaendelea na safari yake, na ndo maana dakika za mwanzo mambo sawa na mwisho wa kanda bibi harusi anaongea baada ya kufunga mdomo.

Dawa yake ni kifaa cha kunyoosha muda kinachoitwa TBC. Zile kubwa za studio ni ghali na adimu. Ila kuna ujanja wa wazee, tafuta ile deki ya kurekodia DVD, sio ya kuchezea tu, ya kurekodia, unaiweka katikati, deki ya VHS inaingia ndani yake halafu inatoka kwenda kwenye kijiti. Baadhi ya modeli zinanyoosha ile mistari zikipitisha picha, sio zote, kwahiyo azima kwanza kabla ya kununua. Kama unaweza kupata deki ya S-VHS yenye tundu la S-Video tumia hilo badala ya waya wa njano, rangi hazitavujiana sana. Na ukiambiwa ununue kile kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI, kataa kwa adabu, kile kinanyoosha picha kwa nguvu kwenda 1080 na kuichafua, harusi ya 1991 haigeuki HD kwa kuvutwa.

Kwenye programu ya kunasia hakikisha umechagua PAL (mfumo wa TV wa huko), yani 720 kwa 576 fremu 25, Unguja na Oman zote ni PAL kwahiyo hapo huna tabu. (Na Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya 70, sisi wa bara tumesubiri mpaka miaka ya 90 kupata hata TV yenyewe, hili huwa wanapenda kutukumbusha.) Usinase moja kwa moja kwenda MP4. Bila kubana kabisa ni kama MB 21 kwa sekunde, GB 75 kwa saa, ukitumia kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu kama HuffYUV inashuka karibu nusu. Nasa kwenye diski ya ndani ya kompyuta, sio kwenye eksteno iliyochomekwa ubavuni mwa kijiti kwenye hab moja, vitagombania njia. Ile mistari kama meno ya kitana utakayoiona watu wakitembea sio ugonjwa, ndo VHS ilivyo, utaiondoa mwishoni wakati wa kutoa faili la kuwatumia ndugu, ila lile la asili libakize hivohivo.

Moja la mwisho na hili ni zito. Fungua kile kifuniko cha kaseti uangalie mkanda. Kanda zilizokaa pwani zinashika kuvu, utaona unga mweupe. Ukiiona usiichezeshe, itakatika au itaambukiza deki na deki itaambukiza kanda nyingine zote. Hiyo inasafishwa kwanza na mtu anayejua.

Habari mzee. Nimetumiwa kaseti ya VHS kutoka Mombasa, hapa Minneapolis kila deki nikiweka inatoa picha nyeusi nyeupe inayozunguka. Imeharibika njiani? (Mtoto wa Mombasa)

Salama kijana. Haijaharibika. Kaseti ni PAL, deki ya Marekani ni NTSC, huko fremu ni 29.97 na mistari ni michache. Tafuta deki iliyoandikwa multi-system, na kwenye kapcha uchague PAL pia, maana vingine vinauzwa huko vimewekwa NTSC tayari. Ikiwa una mikanda ya MiniDV ya nyumbani ni hivohivo, inataka kamera ya PAL. Na kama kuna ndugu anasafiri, itoe Mombasa kulekule utumiwe faili, nafuu mara kumi.

Kaka fundi, nipo Mwanza naediti harusi na send-off. Nashuti 4K kamera tatu. Eksteno yangu ya TB 2 nikiediti inagandaganda mpaka natamani kulia, mteja anasubiri. Nataka nijikamue ninunue ile NVMe ya nje (SSD ya kasi zaidi) wanayosema inaenda MB 1000 kwa sekunde. Itanisaidia? (Edita mchovu)

Pole kaka. Subiri kwanza, rudisha hela mfukoni tupige hesabu.

Kamera nyingi za 4K zinarekodi megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, ni MB 12.5. Kamera tatu kwa pamoja ni MB 37.5. Eksteno ndogo ya kuzunguka ikiwa nzima na imechomekwa vizuri inasoma MB 100 na ushee. Kwahiyo kwa karatasi diski inatosha na chenji inabaki, lakini inaganda, kwanini? Kuna sababu tatu na NVMe inatibu moja na nusu.

Ya kwanza ni waya. Fanya hivi leo usiku, chukua faili la GB 10 ulikopi toka kompyuta kwenda eksteno ukiwa na saa mkononi. Ikichukua dakika 5 hivi basi upo kwenye USB 2.0, njia ambayo kwa karatasi ni megabiti 480 lakini kiuhalisia inatoa MB 30 mpaka 40 tu, na hapo kamera zako tatu hazipiti. Ikichukua dakika moja na nusu upo sawa, tatizo liko kwingine. Watu wananunua diski ya USB 3.0 wanaichomeka kwenye tundu jeusi la zamani, au wanatumia waya wa USB-C wa kuchajia simu, na ule wa chaja mara nyingi ndani una nyaya za USB 2.0 tu. USB-C ni umbo la mdomo, sio spidi, naomba mlishike hilo jamani. Na hata majina wenyewe wameyavuruga, USB 3.0 ya mwaka 2008 ikaitwa 3.1 Gen 1 halafu ikaitwa 3.2 Gen 1, kitu kilekile cha gigabiti 5, muuzaji anakuuzia jina jipya kwa bei mpya. Tafuta namba ya gigabiti, 5 au 10 au 20, ukikosa namba usilipe.

Ya pili ni kodeki, na nakuwekea dau kwako ni hii. Kamera yako kama inarekodi H.265 basi imebana picha sana ili iingie kwenye kadi ndogo, kila fremu inategemea za jirani zake, na ukivuta mstari kwenye taimulaini kompyuta inabidi ifungue kundi zima la fremu ili ikuonyeshe moja. Mara tatu kwa sababu kamera ni tatu. Prosesa ndo inayolia hapo, diski imekaa inaangalia. Fungua Task Manager wakati inaganda, kama prosesa iko asilimia 100 na diski iko 15 jibu umelipata, na SSD ya dunia nzima haitabadilisha chochote.

Dawa yake ni bure, tengeneza proksi. DaVinci Resolve na Premiere zote zinafanya, unaiambia itengeneze nakala ndogo za 720 au 1080 kwenye DNxHR au ProRes (kodeki nyepesi kufungua), unaiacha usiku inafanya kazi, asubuhi unaediti laini kama siagi na wakati wa kutoa inarudi yenyewe kwenye mafaili makubwa. Hizo nakala zina kilo zaidi kuliko unavodhani, ProRes 422 ya 1080 fremu 25 ni GB 55 kwa saa hivi, kwahiyo chagua ile ya Proxy au LT na uziweke kwenye diski ya ndani. Hapa ndo SSD inaingia, hata ya SATA ya kawaida ya MB 500 kwa sekunde, haina haja ya mbwembwe.

Ya tatu, diski ya kuzunguka ina sindano moja, na kamera tatu ni sehemu tatu tofauti, sindano inaruka huku na huku. Ikishajaa zaidi inachelewa zaidi, na nyingi za zile ndogo za mfukoni zinaandika kwa mtindo wa SMR, mistari inalaliana kama vigae, ukiandika kwa muda mrefu spidi inaanguka ghafla. Hizo ni nzuri kwa stoo. Sio kwa jiko.

Ukishamaliza hayo yote na bado una hela, nunua NVMe ya nje, sikatazi. Ila hakikisha laptopu yako ina tundu la gigabiti 10, kwenye tundu la 5 utapata kama MB 400 tu, bado ni nyingi ila usilipie 1000 ukapewa 400. Na ukiona SSD ya TB 16 inauzwa bei ya sahani mbili za biriani, ujue ndani kuna kikadi kimedanganywa, kinakubali mafaili mpaka kijae halafu kinaandika juu ya yale ya mwanzo kimyakimya. Kuna programu ya H2testw, ijaribu diski nzima kabla hujamwekea mteja harusi yake humo.

Naweza kuediti moja kwa moja kwenye flashi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Unaweza, kama unaweza kula supu kwa uma. Na ikikugomea faili la zaidi ya GB 4 flashi haijajaa, imefomatiwa FAT32, ifomati exFAT na itasomeka Windows na Mac pia. Kopi kwanza vilivyomo.

Niaje fundi. Kanisani kwetu Nakuru tunarusha ibada live na pia tunarekodi. Kamera mbili za HDMI, tumenunua kapcha mbili ndogo zimeandikwa 4K, zote kwenye hab moja ya laptopu. Moja ikiwaka nyingine inakufa. Kamera ya nyuma iko mita 25, picha inakuja inapotea. Na Jumapili iliyopita stima ilipotea katikati ya mahubiri, faili lote likakataa kufunguka. Pasta hakufurahi. (Kijana wa mitambo)

Poa sana. Pasta ana haki yake.

Kwenye kapcha hizo, ile 4K ni ya kuingia, sio ya kutoka. Nyingi zina chipu inaitwa MS2109, inapokea 4K halafu inakutolea 1080 fremu 30 zilizobanwa, kwa njia ya USB 2.0, hata zile zenye plastiki ya buluu mdomoni maana rangi ni rangi tu. Haiwezi kufanya zaidi, 1080 fremu 30 bila kubanwa ni MB 124 kwa sekunde na USB 2.0 kwa karatasi ni 60. Sasa mbili kwenye hab moja zinagombania mlango mmoja. Chomeka moja kushoto kwa laptopu nyingine kulia, moja kwa moja, hab ibaki ya mausi na kibodi. Laptopu nyingine zina matundu manne lakini ndani yote yanaishia kwenye mlango mmoja, ikiwa ni hivo shusha kila kapcha mpaka 720 na watu wa kwenye simu hawatajua tofauti. Kanisa likichanga baadae, nunueni kapcha moja ya USB 3.0 ya kampuni inayojulikana, inayotoa 1080 fremu 60, kuliko tano za rangi rangi.

Mita 25 kwa HDMI ya kawaida ni mbali mno, baada ya mita 10 hivi ni bahati nasibu. Wekeni kibadilishi cha HDMI kwenda SDI (njia ya kupeleka video mbali) pale kwenye kamera, mvute kebo ya RG6 ya 75 ohm, huo waya wa dishi ukiwa mzuri unafika hata mita 100 kwa HD, halafu kibadilishi kingine cha kurudi HDMI kwenye meza yenu. Kabla ya hapo ingia kwenye menyu ya kamera uzime maandishi ya skrini, isije ikawa waumini wanaona betri na saa juu ya kichwa cha pasta, na uzime ile ya kujilaza yenyewe baada ya dakika 30.

Habari ya stima, laptopu ina betri kwahiyo nahisi kilichozima ni diski ya nje yenye umeme wake, au betri yenu ni pambo. Kwenye OBS (ile programu ya kurushia na kurekodi) nadhani mlikuwa mnarekodi MP4, na MP4 ya kawaida inaandika orodha yake ya mwisho pale unapobonyeza kuacha, ikikatika kabla ya hapo hakuna orodha na hakuna faili. Badilisha iwe MKV, hiyo ikikatika dakika ya arobaini unabaki na dakika arobaini zako, na baada ya ibada OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 kwa sekunde chache, iko kwenye menyu ya File, inaitwa Remux Recordings. Rekodini kwenye diski ya ndani, mkopi kwenda nje ibada ikiisha. Na lile faili la Jumapili msilifute bado, kuna programu ya untrunc ambayo inaweza kulifufua ikipewa faili lingine zima lililorekodiwa kwa mipangilio ileile, mpeni la Jumapili ya kabla yake mjaribu.